Tone Jekundu Pande Zote Mbili

Juzi alikuja fundi kunitengenezea cherehani. Alipiga tupa kipande kidogo cha chuma, akakipaka mafuta, akakirudisha mahali pake. Mimi nilikuwa nimekaa kando nachambua mchele, na ghafla nikajikuta nimeacha kuchambua. Ile harufu ya chuma kilichotoka kusuguliwa, imechanganyika na mafuta ya mashine, ilinirudisha utotoni. Fundi akaniuliza kama naumwa. Nikamjibu siumwi, nimekumbuka kitu tu. Hakuuliza ni kitu gani, nami sikumwambia, maana ni kijana. Lakini ninyi wa rika langu nitawaambia. Mnajua nyumba za wakati ule zilivyokuwa, na mnajua mtoto alivyoachwa ayaelewe mambo mwenyewe.

Baba yangu alikuwa askari wa nyama. Wakati ule wa Mwingereza, katika milima yetu ya upande wa Kilolo, watu walimwita Bwana Nyama, ingawa hakuwa bwana wa chochote zaidi ya kofia ya kaki, kaptula mbili na bunduki ya serikali. Kazi yake ilikuwa kulinda mashamba ya watu. Nguruwe wakiingia kwenye mahindi, aliitwa. Mbogo akitoka msituni na kusimama njiani watu wasipite kwenda kanisani, aliitwa. Alikuwa mpole nyumbani na mwepesi porini, na sisi watoto tulilala tukijua kwamba hakuna mnyama atakayemweza Baba.

Halafu chui akamweza. Aliitwa asubuhi moja kwenye zizi la kondoo la jirani, na alipoinama kutazama nyayo, chui alikuwa bado yumo ndani. Waliomletea habari Mama walisema chui amekufa, kisha wakanyamaza, na Mama akajua wamebakiza neno. Chui alikuwa amemtafuna Baba mkono wa kulia. Hospitali waliuokoa ule mkono, lakini kidole gumba na viwili vinavyofuata vilikauka vikawa kama vijiti. Alirudi nyumbani hawezi kufunga kifungo cha shati.

Bwana wa boma kule Iringa alikuwa na subira, lakini subira yenye mwisho. Alimpa Baba miezi kadhaa ya kupona. Baada ya hapo angemwita boma apige shabaha mbele yake. Akiweza, ataendelea na kazi. Asipoweza, atarudisha bunduki na kofia, na kazi apewe mwingine.

Baba akaanza kujifundisha kushoto. Kwetu, kama mnavyojua, mkono wa kushoto si wa kumpa mtu kitu, wala wa kulia chakula mbele za watu. Nilikuwa namwona akigeukia ukutani wageni wakiwapo, ale kijiko kimoja kimoja kwa aibu. Lakini kwenye bunduki hakuona aibu. Kila jioni alishuka bondeni, akaweka boga juu ya kisiki, akabandika kitako cha bunduki kwenye bega la kushoto. Mwezi wa kwanza maboga yalirudi mazima tukayapika. Mwezi wa pili hatukula maboga tena.

Kilichobaki kumsumbua kilikuwa kitu kidogo sana. Ubavuni mwa bunduki, upande wa kulia, palikuwa na kichuma mfano wa ulimi. Kikirudishwa nyuma, bunduki imefungwa, hailii hata ukivuta kifyatulio. Kikisukumwa mbele, imefunguka. Kilikuwa kimewekwa mahali ambapo gumba la mkono wa kulia hufika lenyewe bila kutafuta. Sasa gumba hilo lilikuwa limekufa, na lile la kushoto halikufika huko. Ilimbidi Baba aishushe bunduki begani, aigeuze, akifungue, aipandishe tena. Boga humsubiri mtu afanye yote hayo. Nguruwe aliyejeruhiwa hamsubiri.

Shangazi yangu, dada yake Baba, alikuwa ameolewa Iyunga, kule Mbeya. Akatuma ujumbe kwamba jirani yao ni fundi aliyewahi kutengeneza mitambo kwenye machimbo ya dhahabu ya Chunya, mtu wa kutengeneza chochote chenye meno na skrubu. Baba akaenda boma kuomba ruhusa, akaandikiwa barua, akaikunja mara nne akaitia mfukoni. Mama alikuwa ametoka kujifungua na nyumba ilikuwa na watoto wengi, kwa hiyo nikaambiwa niende nikamwone Shangazi. Nilikuwa na miaka kama tisa. Sikuwahi kupita Iringa mjini.

Tulipanda lori la mbao kutoka Mafinga, tumekaa juu ya mzigo, na utomvu wa mbao ulinigandisha gauni. Bunduki ilikuwa imeviringishwa kwenye blanketi katikati ya magoti ya Baba. Njia nzima alikuwa akilifungua na kulifunga gumba lake la kushoto, kama mtu anayemfundisha mtoto kutembea. Sikumwuliza kitu. Nilijua tu kwamba jambo tunalokwenda kulifanya likiharibika, hatutakuwa tena watoto wa Bwana Nyama, na sikujua tutakuwa watoto wa nani.

Fundi aliitwa Asajile. Alikuwa Mnyakyusa mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na kibanda chake kilijaa cherehani na baiskeli zilizofumuliwa. Aliisoma ile barua ya boma mara mbili kabla ya kuigusa bunduki. Akafungua komeo la bunduki, akatazama ndani kuhakikisha hamna risasi, akamwambia Baba naye atazame. Kisha akaanza kazi, na kazi ile ilichukua siku tatu. Alichonga kichuma cha pili kutoka kipande cha chuma cha cherehani iliyokufa, kikafanana na kile cha kwanza kama pacha, ila kimegeukia upande wa kushoto. Akaviunganisha viwili hivyo kwa pini iliyopita katikati, ili kimoja kikisogea, na mwenzake asogee. Siku ya kwanza kilikwaruza mbao ya bunduki. Siku ya pili kilikuwa kilegevu, na fundi akakitoa akakitupa kwenye kopo, akaanza upya. Baba alikaa kwenye kigoda, jasho likimtoka kama ndiye anayechongwa.

Siku ya tatu kikakaa. Fundi Asajile akamfunga Baba kitambaa machoni, akampa bunduki tupu, akamwambia afunge, afungue, afunge, afungue, mpaka gumba lijue njia lenyewe. Nilisikia ule mlio, ka, ka, ka, mpaka Shangazi akaja kutuita kula. Mwishoni fundi akachovya kijiti kwenye rangi, akaweka tone moja jekundu kila upande, mahali ambapo kichuma kikirudi nyuma hulifunika na kikienda mbele huliacha wazi. Akamweleza Baba kwa Kiswahili, kwa kirefu, akionyesha kwa kidole.

Hapo ndipo mambo yangu yalipoharibikia. Nyumbani tulisema Kihehe. Kiswahili changu kilikuwa cha kanisani na cha darasa la kwanza. Katika maneno yote aliyosema fundi, nilidaka matatu: usalama, nyekundu, na pande zote mbili. Usalama nililijua, padre alilisema kila alipotuaga. Na juma lile lile, kabla hatujasafiri, katekista alikuwa ametusimulia kwa Kihehe jinsi watu wa Mungu walivyopaka damu ya mwanakondoo kwenye miimo ya milango, huku na huku, na mauti ilipoiona damu ikapita bila kuingia. Sikuhitaji mtu wa kunifafanulia zaidi. Fundi amempaka Baba damu ya mwanakondoo pande zote mbili. Mauti ikiiona nyekundu, itapita. Nilirudi Kilolo nimejaa amani ambayo sijawahi kuipata tena.

Amani hiyo ilikaa wiki mbili. Zilikuwa zimebaki siku chache tu kabla ya Baba kwenda boma. Ilikuwa alasiri ya manyunyu, ukungu umeshuka mpaka kwenye mapaa, wakati Mjomba Yohane alipokuja. Huyu alikuwa kaka yake Mama, shamba lake lilipakana na letu kwa chini. Alisema kwa haraka kwamba dume la nguruwe limo kwenye mahindi yake, limemchana mbwa wake, na halitaki kutoka. Baba akachukua bunduki, akaijaza palepale uani. Nilimwona akirudisha kile kichuma nyuma kwa gumba la kushoto. Mama akaita kutoka ndani kwamba mvua inaongezeka, avae koti. Baba akaiegemeza bunduki mlangoni kwa ndani, akatukataza tusiisogelee, akaingia chumbani.

Niliitazama. Nyekundu haikuonekana. Nikajongea nikachungulia upande wa pili. Na huko haikuonekana. Chui alikuja siku ambayo Baba hakuwa na damu kwenye bunduki yake, na sasa anakwenda kwa dume la nguruwe naye amesahau kuifunua. Alikuwa ametukataza, lakini nilifikiri, akirudi mzima hatauliza. Nikaweka kidole, nikasukuma. Ka. Tone jekundu likatokeza huku, na nilipochungulia, na la kule limetokeza. Nikakimbilia jikoni.

Baba akatoka na koti, akaichukua bunduki, wakaondoka, Mjomba akitangulia kwa sababu ndiye aliyejua mahali. Mlio ulisikika upesi mno. Mama aliyekuwa akinyonyesha akainua uso, akasema amempata. Nikatabasamu. Halafu hatukusikia kitu. Hakuna aliyepaza sauti kuita watu waje wabebe nyama. Baadaye kidogo wakatokea kwenye ukungu, Baba amemshika Mjomba kiunoni, na Mjomba amefunika sikio la kushoto kwa kiganja, anatembea kama mlevi.

Baba alikuwa ameteleza kwenye tuta lenye tope. Alipojizuia asianguke, bunduki ikalia. Risasi ilipita kando ya kichwa cha Mjomba, karibu kiasi kwamba moto wa mtutu uliunguza nywele zake juu ya sikio. Damu kidogo ilimtoka sikioni. Mama alimkalisha, akamwuliza maneno, na Mjomba akawa anamtazama mdomo tu.

Baba alitoa risasi zilizobaki, akaiweka bunduki juu ya kitanda cha kamba, akakaa chini mbele yake. Akakitazama kile kichuma kwa muda mrefu. Akasema, kwa sauti ambayo haikuwa ya kutuambia sisi, "Nilifunga. Nilijua nimefunga."

Usiku ule alimwambia Mama kwamba haendi boma kupiga shabaha. Ataenda, ndiyo, lakini kurudisha. Alisema mkono wa kushoto ni mkono usio na kumbukumbu, unakwambia umefanya na haujafanya, na mtu mwenye mkono wa namna hiyo hapaswi kutembea na bunduki nyuma ya binadamu. Mama alilia kimyakimya. Mimi nilikuwa nimejifunika blanketi mpaka kichwani. Bado sikuwa nimeelewa. Nilichoshindwa kukielewa ni kwa nini damu imeshindwa kazi.

Asubuhi ndipo nilipoelewa. Kaka yangu mkubwa, aliyekuwa akisoma shule ya misheni, alimwuliza Baba kwa Kihehe yale matone ya nini. Baba akajibu bila kuinua macho: ukiyaona hayo, bunduki iko tayari kuua.

Sikuweza kula siku ile wala iliyofuata. Mama akaniwekea mkono kwenye paji la uso, akanipa maji ya majani machungu akidhani ni homa. Kila nilipofumba macho niliziona nywele za Mjomba zilizoungua. Nilifikiri watanipeleka boma badala ya bunduki. Nilifikiri Mama atanirudisha alikonitoa, popote watoto wanapotolewa. Na nilipomwona Baba akiipiga pasi kaptula yake ya kaki kwa mkono mmoja, aivae kwa mara ya mwisho, nikangoja amalize, nikamfuata.

Nilimkuta nyuma ya nyumba akisafisha bunduki ya kurudisha. Nikasimama mbele yake. Nikasema, "Ni mimi niliyeifungua."

Hakuelewa. Nikamwonyesha kile kichuma kwa kidole, mbali, bila kugusa. Nikamwambia habari za mwanakondoo, na miimo ya mlango, na fundi, na usalama, yote kwa mkupuo, nikilia mpaka kamasi ikanifika kidevuni. Nilingoja kofi. Baba aliuweka mtutu chini. Akautazama mkono wake wa kushoto, akaugeuza kiganja juu, akaugeuza tena.

"Kwa hiyo nilifunga," akasema.

"Ulifunga, Baba. Nilikuona."

Mabega yalimtetemeka, na mpaka leo sijui kama alicheka au alilia. Alipopata sauti hakunigombeza kama nilivyotazamia. Alisema bunduki yenye risasi haiachwi mlangoni hata kwa muda wa kuvaa koti, na kosa hilo ni lake, na atakwenda kumwambia Mjomba mwenyewe jioni hiyo. Nikadhani yameisha.

"Langu nitalisema leo," akaendelea. "Lako utalisema wewe. Nitakuwa Iringa siku nne, nipige ile shabaha. Nikirudi nikute umeshamwambia."

Siku nne zile zilikuwa ndefu kuliko miezi ya mkono wake. Siku ya kwanza nilifika mpaka kwenye mpaka wa shamba la Mjomba nikarudi. Siku ya pili nilimkuta amelala, nikashukuru Mungu. Siku ya tatu mkewe alinituma maji, nikateka, nikaondoka. Na muda wote huo sikujua Baba anapiga shabaha au anakosa, na nilikuwa nimejipatia imani mpya ya kijinga, kwamba nisipomwambia Mjomba, mkono wa Baba utatetemeka.

Siku ya nne nilimkuta amekaa juani akipukuchua mahindi. Nikapiga magoti, nikamwamkia kwa Kihehe, "Kamwene, Mjomba," naye akaitikia kwa kichwa. Nikakaa kando yake, nikainamisha uso, nikasema yote kwa sauti ndogo ya mtu anayeungama. Nilipomaliza, yeye aliendelea kupukuchua. Punje zikadondoka kwenye ungo. Nikadhani amenichukia kiasi cha kutonijibu.

Halafu akageuka, akaniona midomo imekauka. "Ulikuwa unasema kitu?" akauliza. "Njoo upande huu. Huko sisikii tena."

Nikanyanyuka. Hatua tatu zile za kumzunguka sijawahi kutembea nyingine nzito kama zile. Nikakaa kwenye sikio lake la kulia, nikaanza upya, na safari hii ilinibidi kusema kwa sauti, na mkewe ndani akasikia, na jirani aliyekuwa akipita akasimama.

Mjomba aliacha kupukuchua. Akaniambia kwamba shemeji yake alikuja akakiri kuiacha bunduki mlangoni, lakini alipomwuliza nani aliifungua, alikataa kusema. Siku zote nne alikuwa akidhani Baba anamficha jambo, na alikuwa ameanza kufikiri amchukue Mama na kichanga amrudishe kwao.

"Hukujua," akasema. "Lakini ulifanya. Yote mawili ni kweli, usiliache hata moja." Kisha akanisogezea hindi nimsaidie.

Jua lilipoinama tulilisikia lori. Baba alikuja kwa miguu kutoka barabarani, kofia kichwani na bunduki begani, bega la kushoto. Mama alipoiona ile kofia alikaa chini palepale uani. Bwana wa boma alikuwa amempa risasi tano na karatasi yenye duara, na zote tano zilikuwa ndani ya duara. Baba hakutuonyesha kwanza. Aliniuliza mimi kama nimemwambia Mjomba. Nikamjibu nimemwambia, mara mbili.

Sikio la Mjomba halikupona. Alikufa mzee sana, na mpaka siku hiyo mtu aliyetaka kusema naye alipita upande wa kulia. Baba aliendelea kulinda mashamba kwa mkono wake wa kushoto mpaka serikali ilipobadilika, na hakumjeruhi mtu mwingine.

Ila jambo moja lilibadilika kwake, na sisi watoto tuliishi nalo. Jioni ile ya kurudi, kabla ya kula, alituita wote, mkubwa hadi mdogo, akaiweka bunduki tupu mbele yetu, akatueleza kwa Kihehe kila kipande chake. Alipomaliza, tulingoja atuulize kama watu wazima wote walivyotuuliza, katekista, mwalimu, padre: mmeelewa? Nasi tungeitikia kwa pamoja, ndiyo.

Baba alininyooshea kidole mimi kwanza. "Umeelewaje?" akasema, na akangoja mpaka nilipomaliza.